Mapumziko ya Wifi Yangu

Siku niliyokwenda kumshtaki wifi yangu nilivaa vizuri. Nilivaa sketi ya kitenge iliyopigwa pasi na sweta jipya, maana Julai huku Ufipa baridi haina mchezo, na mkobani nilikuwa na karatasi tatu zilizochapwa kwa rangi. Tulipofika kwenye kona ya kuingia kijijini nilimwambia dereva wa bodaboda asimame, nikajitazama kwenye kioo chake cha pembeni, nikapangusa vumbi usoni. Nilitaka nikiingia pale nionekane mtu wa haki. Hilo la kioo linaniuma hadi leo kuliko hata maneno niliyoyasema baadaye. Maneno mtu anaweza kusingizia hasira, lakini pale kwenye kona sikuwa na hasira yoyote. Nilikuwa najipamba.

Wifi yangu ni mke wa kaka yangu mkubwa. Kwao ni Muze, kule bondeni upande wa Ziwa Rukwa, kwenye joto na mpunga. Aliolewa akapanda huku juu kwenye upepo wetu na ugali wa ulezi, akazoea. Kaka ni mtu wa barabarani. Anapeleka mahindi Kasesya mpakani, anakaa nyumbani siku mbili tatu, anaondoka tena. Kwa hiyo mama alipopigwa kiharusi, upande wa kulia ukafa na maneno yakawa yanatoka nusunusu, aliyebaki naye kijijini ni wifi. Mimi ndiye binti pekee wa mama yangu. Naishi Sumbawanga mjini, Katandala, kwenye nyumba ya vyumba vitatu yenye maji ndani, na humo ninalala peke yangu. Nilikuwa na sababu zangu za kutomchukua mama. Nilizisema mara nyingi sana, tena kwa watu ambao hata hawakuniuliza.

Sababu kubwa ilikuwa kazi. Na kazi yenyewe, sijui nicheke au nilie, ilikuwa ya kuwatetea watu wanaouguza wenzao majumbani. Nilikuwa mratibu wa mradi ulioziunganisha pande tatu: watafiti wa chuo kikuu, chuo kinachofundisha wahudumu wa wagonjwa wa nyumbani, na vijana wa kutengeneza programu za simu kutoka Mbeya. Wazo lilikuwa zuri, na bado naliamini. Mwanamke anayeuguza mtu nyumbani hufanya kazi kutwa, lakini akiulizwa shughuli yake anaandikwa hana kazi. Tukasema tumpe simu yenye picha. Kila akifanya jambo abonyeze picha yake, na programu ihesabu muda. Muda ukionekana, halmashauri itajua wapi panahitajika wahudumu waliosomea, na chuo kitajua kifundishe nini. Nililieleza jambo hili kwenye mikutano mingi hadi nikawa nalieleza vizuri kuliko nilivyolielewa.

Picha tulizichagua kwa siku mbili kwenye ukumbi mmoja pale mjini. Mchoraji wetu, dada mtaratibu, alizionyesha ukutani moja baada ya nyingine. Mwanamke anapika. Anafua. Anamlisha mgonjwa kwa kijiko. Anamwogesha. Anachota maji. Anampeleka zahanati. Ikaja moja ya mwanamke ameinama kitandani, ameshika kitambaa, na mgonjwa amegeuzwa ubavu. Chini yake paliandikwa: kumsafisha mgonjwa aliyejisaidia kitandani. Watu wakaangalia vikombe vyao.

Aliyesema ni mimi. "Hiyo itoeni. Watu wetu hawawezi kushika simu yenye picha kama hiyo. Ni aibu."

Mtafiti mkuu alikuwa mama mpole mwenye tabia ya kuuliza swali halafu akakaa kimya akikungoja. Akauliza, "Aibu ya nani?"

Nikamjibu kwamba mimi ndiye mwenyeji pale na nawajua Wafipa wenzangu. Watu wakacheka, picha ikatolewa, tukatoka kwenda kunywa chai. Sikulifikiria tena jambo lile. Kuna jambo jingine ambalo nalo sikulifikiria: muda wowote ambao mtu hakubonyeza chochote, programu iliujaza yenyewe kwa neno "mapumziko", kwa rangi nyekundu. Vijana walichagua nyekundu kwa sababu rangi nyingine walikuwa wameshazitumia.

Wifi nilimwandikisha mwenyewe, ili isionekane nahubiri kwa watu tu. Mafunzo yalifanyika kwenye jengo la kigango, kanisa letu dogo la kijijini, wakaja wanawake wa vijiji kadhaa vya barabara ya kwenda Chala. Wengi walikuwa na watoto wadogo. Wenye mgonjwa asiyeinuka kitandani walikuwa wachache. Nikawasimamia mbele kama mwalimu mkuu. "Bonyezeni kile kinachofanana na picha, basi," niliwaambia. "Msibahatishe. Ukibahatisha unatuharibia takwimu." Wifi alikaa benchi la mbele akaitikia kwa kichwa. Yeye ni mwimbaji wa kwaya, na ni mtu ambaye akikosea ubeti hubaki kanisani akaurudia peke yake baada ya wenzake kuondoka. Ukimwambia fanya hivi, atafanya hivyo hivyo ulivyosema. Simu aliifunga kwenye kitambaa cheupe, akaipeleka nyumbani ameishika kwa mikono miwili.

Baada ya wiki kadhaa karatasi zikaanza kutoka. Kila mwanamke alikuwa na ukurasa wake wenye vipande vya rangi, kuanzia asubuhi hadi jioni. Ukurasa wa wifi ulikuwa mwekundu. Kulikuwa na kijani kidogo cha kupika, bluu ya kuogesha asubuhi, njano ya kulisha, na katikati yote hayo nyekundu tupu, siku baada ya siku. Mapumziko, mapumziko, mapumziko.

Mtafiti mkuu aliutazama kwa muda. Akasema, "Huyu ana mgonjwa wa kitandani. Twende kumtembelea kwanza kabla hatujasema lolote. Labda kuna kitu hatukioni."

"Huyu namfahamu," nikamwambia. "Ni wifi yangu. Hili niachie."

Nataka nilieleze hili vizuri, maana ndipo penye aibu yenyewe. Sikuhuzunika nilipouona ule wekundu. Nilipata nafuu. Tangu mama augue nilikuwa nikifika kijijini na sukari na sabuni na nepi za wakubwa ambazo hazikutosha hata wiki, nakaa saa mbili, naondoka, na njia nzima ya kurudi mjini najisikia vibaya. Wifi alikuwa ananisindikiza hadi barabarani, anashukuru, na shukrani zake zilinichoma. Sasa nikawa na karatasi inayosema kwamba mwanamke yule hakuwa lolote. Kumbe hata yeye! Nikampigia simu kaka siku hiyo hiyo, na nilipokwisha kuongea naye nilikuwa nimeshapandisha hasira ya kweli, naamini kila nilichokisema.

Kikao kikakaa nyumbani kwa kaka saa nne asubuhi, uani, upande unaokingwa na upepo. Alikuwepo baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Walikuwepo wazee wawili wa upande wetu, na kaka, aliyefika siku ile ile kutoka Kasesya, macho mekundu ya safari. Wanaume walikaa kwenye viti. Wifi alikaa mkekani, miguu ameikunja upande, mikono mapajani. Mimi nilipewa kiti. Mama alikuwa chumbani kwake, mlango wazi, hatua chache tu kutoka tulipokaa.

Nikawasomea. Nilisimama, nikainua karatasi ili waione, nikaeleza kijani ni nini na bluu ni nini.

"Na hiyo nyekundu, mwanangu?" akauliza baba mdogo.

"Hayo ni mapumziko, Baba mdogo."

Mmoja wa wazee akapiga mluzi mdogo. Mwingine akasema watu wa bondeni wamezoea kivuli, jua lao ni kali, wazee wakafa kwa kicheko. Hata mimi nilitabasamu. Kaka aliangalia chini, akachora mstari vumbini kwa ncha ya kiatu.

Baba mdogo akamgeukia wifi. "Mama, umesikia. Una la kujibu?"

Wifi aliwatazama wale wanaume, mmoja mmoja. Halafu akautazama mlango wa chumba cha mama. "Sina, baba," akasema. "Kama simu imesema hivyo, imesema."

Hapo mama akaanza kugonga. Alikuwa na kikombe cha bati pembeni mwa kitanda, na akihitaji kitu alikigonga ukutani kwa mkono wake mzima. Wifi akaanza kuinuka.

"Kaa kwanza," baba mdogo akamwambia. "Tunaongea na wewe."

"Mama ananiita, baba."

"Kaa. Binti yake yupo."

Nikaenda mimi. Nilifika mlangoni tu. Harufu ilinipokea kabla sijakanyaga ndani, na mama alinitazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake, macho ya mtu anayeomba mwingine aje, si wewe. Nilijua kilichokuwa kimetokea. Ningeweza kusema, wifi njoo. Ningeweza kuingia nikafunga mlango nikakunja mikono ya sweta. Badala yake niliuvuta mlango taratibu, nikarudi kwenye kiti changu, nikawaambia wazee, "Hana shida. Anataka maji tu, tutampa tukimaliza."

Mama akaendelea kugonga. Sisi tukaendelea na kikao. Alipochoka akaacha.

Nilitangaza kwamba namchukua mama kwenda naye mjini, kwenye mikono ya mtu aliyesomea kazi hiyo. Wazee wakanisifu. Baba mdogo alisema huyu ndiye mtoto, elimu haikupotea. Kikao kilipofungwa tu, wifi alinyanyuka akaingia chumbani na beseni, akafunga mlango, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka alikwenda kufua nyuma ya nyumba. Nilimsikia akisuuza nguo na sikujiuliza anafua nini. Gari nililokodi lilipokuja aliniwekea mama ndani, akamzungushia blanketi, akamfunga kitambaa kichwani, akanieleza mambo ambayo sikuyasikiliza: ageuzwe kila baada ya muda gani, chai isiwe ya moto, anapenda kupakwa mafuta miguuni. Mama alimshika mkono hakutaka kuuachia. Nilimfumbua vidole mwenyewe.

Mjini nilikuwa nimempata mhudumu, binti aliyemaliza kozi pale chuoni, mmoja wa wale tuliowapiga picha siku ya mahafali. Alikuwa mzuri kwa kazi yake. Alikuwa akifika saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi jioni, na nilipotoka ofisini nilimkuta mama amevaa vizuri, nyumba inanukia sabuni. Siku za kwanza nilitembea kifua mbele. Niliwaambia watu ofisini, mnaona, ndicho tunachokipigania. Usiku nilimvalisha mama nepi mbili na kumwacha hadi asubuhi mhudumu arudi. Hilo nalo nimelisema.

Kisha ikaja Jumamosi ya kwanza, na mhudumu akapumzika kwao. Ni haki yake.

Kabla ya saa sita mchana mama alijisaidia mara tatu. Mara ya kwanza nilivaa glavu, nikajifunga kitambaa puani, nikakinyunyizia manukato. Mama alikiona kile kitambaa. Aliugeuza uso wake ukutani, machozi yakawa yanamtoka kwenye jicho moja tu, lile la upande mzima. Sikujua jinsi ya kumgeuza. Nilimvuta mkono akalia. Shuka likachafuka zaidi, godoro likalowa, nikamwaga maji, nikaanza kumfokea. Nilimfokea mama yangu. Nilimwambia, "Mama, si ungeniambia!" na mama hana maneno. Mara ya pili sikufoka. Mara ya tatu nilikitoa kitambaa puani kwa sababu nilikuwa nalia na siwezi kupumua.

Nilipomaliza niliosha mikono mara mbili kwa sabuni, nikakaa kwenye kiti cha jikoni. Simu ya mradi ilikuwa mezani. Nilikuwa nimejiandikisha na mimi, tangu mama aje, ili niwe mfano. Nikaifungua niweke kazi yangu ya asubuhi ile, maana nilitaka ionekane. Nikatafuta picha. Kupika. Kufua. Kulisha. Kuogesha. Kuchota maji. Nikashusha hadi mwisho, nikapandisha hadi mwanzo. Nikashusha tena.

Kiganjani mwangu simu ilikuwa imeshaanza kuuchora muda wangu. Tangu saa mbili asubuhi nilikuwa mwekundu.

Nilikumbuka ukumbi, vikombe vya chai, na yule mama mpole akiuliza aibu ya nani. Nikakumbuka kikao. Nikakumbuka kikombe cha bati. Uso uliniwaka nikiwa peke yangu jikoni, nikaufunika kwa mikono yenye harufu ya sabuni, na mama akanigongea ukuta kule chumbani. Hakuwa amejisaidia. Alikuwa anataka tu mtu.

Jumatatu nilimwacha mama na mhudumu, nikaomba ruhusa, nikapanda gari la Chala. Wifi nilimkuta uani akipepeta ulezi. Aliweka ungo chini akaja kunipokea mkoba.

"Karibu, wifi. Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Anakula?"

"Anakula kidogo."

Akaniletea kigoda. Sikukaa. Nilimuuliza nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitaanza kuzunguka maneno. "Wifi, mama akijisaidia kitandani, ulikuwa unabonyeza wapi?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta mtego uko wapi. Akajibu taratibu. "Siku ya kwanza niliitafuta hiyo picha. Nilinawa kwanza, nikaifungua simu, nikatafuta hadi mwisho, nikarudi mwanzo. Sikuiona. Nikasema, basi, hii kazi hawaihitaji."

"Si ungebonyeza kuogesha?"

"Kuogesha ni asubuhi, na maji ya moto, na sabuni. Ile si kuogesha. Na wewe mwenyewe ulituambia tusibahatishe."

"Mbona hukusema siku ile kwenye kikao?"

Hapo ndipo sauti yake ilipopanda, mara moja tu tangu nimjue. "Niseme mbele ya baba? Mbele ya mwana wa kiume wa mama? Mama anasikia kule ndani? Wifi, mama ni mtu mzima!"

Nilipiga magoti. Sisi huku mwanamke kumpigia mtu magoti si ajabu, tunawapigia wakubwa zetu kila siku tukiwasalimia, lakini mimi kwa umri na kwa ukoo sikupaswa kumpigia yeye. Alishtuka. Alinishika kiwiko akanivuta.

"Inuka, inuka. Hapo kuku wamepita, utachafua sketi yako."

Nikamwambia mimi ndiye niliyeitoa ile picha. Nilimwambia yote, ukumbi na chai na kicheko. Alisikiliza huku akiokota punje za ulezi zilizomwagika. Nikamwambia nitawaita wazee tena, wote wale wale, niwaambie ukweli.

"Utawaambia nini?"

"Nitawaambia ulikuwa unafanya kazi kutwa."

"Watauliza kazi gani. Utawaambia mama anafanyaje?"

Nilianza kukung'uta vumbi magotini.

"Usiwaambie," akasema. "Mimi wameshanisema, yamekwisha. Mama bado anawaangalia usoni wakija kumsalimia. Wewe nirudishie mama tu." Akauchukua ungo wake. "Godoro lake nimelianika tangu juzi."

Nilimrudisha mama wiki ile ile. Wifi alipomvua nguo kumtazama, alikuta ubavuni, kwenye mfupa wa nyonga, ngozi imegeuka rangi na imeanza kuchubuka. Kwake, muda wote ule aliokaa naye, mama hakuwa na kidonda hata kimoja. Alipagusa kwa kidole, akaniita nisogee. Nilijua namna mimi ningesema kama ningekuwa yeye. Yeye alisema tu, "Tumemlaza sana upande huu," akanionyesha jinsi ya kuweka goti langu kitandani, mkono mmoja begani na mwingine nyongani, mama akageuka bila kulia. Mama akalala usingizi mchana ule, mdomo wazi.

Kwenye mradi nilisema kuna pengo limeonekana. Mtafiti mkuu akaniuliza lilitokeaje. Nikajibu kwamba kuna picha tuliiondoa mapema. Tuliiondoa, nilisema hivyo, na yeye alikuwepo ukumbini, anamkumbuka aliyeiondoa. Aliandika kwenye daftari lake. Mchoraji akatengeneza picha mpya, beseni na kitambaa kilichokunjwa, basi, bila mtu. Wanawake waliionaje? Hawakushtuka hata kidogo. Mmoja wa Chala aliniambia, "Afadhali, tulidhani mlisahau." Walimu wa chuo wakaongeza masomo ya kumgeuza mgonjwa, na vijana wa Mbeya wakalifuta lile neno mapumziko, muda usiobonyezwa sasa unaachwa mweupe. Ni kazi nzuri. Kwenye mikutano nasifiwa kwa kuliona lile pengo.

Ukurasa wa wifi ulibadilika kabisa. Nyekundu haikuwepo, na hata nyeupe ilikuwa kidogo. Asubuhi hadi jioni vipande vilipangana bila nafasi. Nilimpa kaka karatasi ile aione, nikidhani angalau yeye ataelewa. Kaka akaikunja, akaiweka mfukoni, akaenda nayo kwa baba mdogo.

Jumapili ya kutoa shukrani za mavuno nilikuwa kijijini. Baada ya Misa tulikula kwa kaka, baba mdogo na wale wazee wawili wakiwemo. Mama alikuwa ametolewa nje, ameegeshwa kwenye kiti kwa mito, amechanwa nywele, miguu inang'aa mafuta, anaota jua. Wifi alikuwa anapita na jagi la maji ya moto na beseni, akinawisha watu mikono, kuanzia kwa mkubwa.

Baba mdogo alinyoosha mikono akanawishwa. Akanigeukia mimi akicheka. "Mwanangu, ile karatasi yako ilikuwa dawa. Kaka yako kanionyesha ile mpya. Nyekundu hakuna hata moja! Ulimnyoosha wifi yako."

Wazee wakacheka. Wifi alikuwa amesimama pale pale, jagi mkononi, akimngoja mzee wa pili akunje mikono ya shati.

"Hapana, Baba mdogo," nikasema. "Alikuwa akifanya kazi tangu mwanzo. Kosa lilikuwa la simu."

"Unamfichia," baba mdogo akasema, na alinitazama kwa upendo kweli. "Una moyo mzuri, kama mama yako. Haya, kosa gani la simu?"

Kaka aliacha kuchezea funguo zake. Mama, kwenye kiti chake juani, alikuwa amegeuza kichwa upande wetu, na jicho lake zima lilikuwa usoni kwangu. Wifi naye alikuwa ananitazama. Alitikisa kichwa, kidogo sana, kunikataza.

Ningependa kusema nilinyamaza kwa ajili ya mama. Nimejaribu kuamini hivyo. Lakini pale, kabla sijamfikiria mama, nilikuwa nimeshafikiria nitakavyoonekana mimi wakijua nilifunga mlango nikawaambia anataka maji.

"Mtandao tu," nikasema. "Mtandao ulikuwa unasumbua."

"Basi hayo," akasema baba mdogo, akashukuru Mungu kwa chakula.

Wifi alimaliza kwa wazee, akamnawisha kaka, akafika kwangu. Aliinama, akaweka beseni chini ya mikono yangu.

"Nawa, wifi," akasema, akanimiminia.